Gari la zamani lililofufuliwa: Gharama ya gereji siyo bei ya sokoni

WAKULIMA wengi wanalifahamu trekta la Massey Ferguson. Ni wachache wanaojua kwamba babu yake, lile trekta dogo la kijivu la Ferguson TE20, ana undugu wa karibu na gari la michezo la Kiingereza liitwalo Triumph TR3A. Magari hayo yalitengenezwa kati ya mwaka 1957 na 1962, lakini hadi leo yanauzwa nchini Uingereza yakiwa yamekarabatiwa na kung'aa kana kwamba yametoka kiwandani jana.

Makala haya hayamshawishi msomaji anunue gari hilo. Tunataka kutazama hesabu iliyojificha nyuma ya tangazo lake la mauzo, kwani ndiyo hesabu inayomkabili mkulima anayetaka kufufua trekta kuukuu, au mfanyabiashara anayetaka kukarabati mashine ya kusaga ili aiuze.

Injini moja, kazi mbili

TE20 lilianza kutengenezwa mwaka 1946 mjini Coventry, katika kiwanda cha Banner Lane. Harry Ferguson ndiye aliyekuwa mwenye trekta, na kampuni ya magari ya Standard ndiyo iliyomtengenezea. Mwanzoni lilitumia injini kutoka Marekani, lakini mwaka 1947 Standard ilianza kulifunga injini yake yenyewe ya petroli yenye silinda nne. Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1956, matrekta zaidi ya 500,000 yalikuwa yametengenezwa.

Kampuni hiyo hiyo ya Standard ilikuwa imeinunua Triumph mwaka 1944. Ilipotaka gari la michezo la bei nafuu, hasa kwa soko la Marekani, haikuunda injini mpya. Ilichukua ile ile ya familia ya trekta, ikaiwekea kabureta mbili na kuiruhusu izunguke kwa kasi zaidi. Katika trekta injini hiyo ilitoa nguvu za farasi zisizofika 30. Katika TR3A ilitoa takriban 100, na gari likaweza kwenda zaidi ya kilometa 160 kwa saa.

Uimara wa injini hii umo katika slivu zake. Kila silinda ina slivu inayochomolewa, nayo imezungukwa na maji ya kupoza. Slivu zikichakaa, fundi huzibadilisha pamoja na pistoni bila kupeleka bloku kuchongwa. Kwa hiyo anayefufua TR3A ni nadra kushindwa na injini. Kinachommaliza ni kutu, na muda wa fundi.

Fedha inakwenda wapi?

Bodi ya TR3A ni ya bati la chuma, imefungwa kwa bolti juu ya chasisi. Wakati wa baridi barabara za Uingereza humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo ikichanganyika na maji hula chuma kutoka chini, mahali ambapo mwenye gari haoni. Kulifufua gari kikamilifu maana yake ni kuvua bodi, kusafisha chasisi, kukata bati zilizooza na kuchomelea mpya, kisha kuja rangi, viti na nyaya za umeme. Kazi hiyo huchukua mamia ya saa, na wakati mwingine hupita saa 1,000.

Hebu tupige hesabu ya mfano, tarakimu zikiwa za kielelezo tu. Mtu ananunua gari bovu kwa pauni 8,000. Vipuri na rangi vinamgharimu pauni 14,000. Gereji inafanya kazi kwa saa 600 na kumtoza pauni 50 kwa saa, yaani pauni 30,000. Jumla ni pauni 52,000. Anapeleka gari sokoni, na mnunuzi anampa pauni 30,000. Amepoteza pauni 22,000, ingawa kila fundi aliyelishika alifanya kazi nzuri.

Sasa chukua mtu wa pili anayefanya kazi yote mwenyewe. Ametoa mfukoni pauni 22,000, akauza kwa 30,000, naye anawaambia jirani zake kwamba amepata faida ya pauni 8,000. Lakini gawanya pauni 8,000 kwa saa 600 alizokaa chini ya gari. Utaona amejilipa pauni 13 na kidogo kwa saa. Faida yake ilikuwa ujira wake mwenyewe, tena mdogo.

Mkulima asicheke. Ndivyo tunavyofanya tunapouza gunia la mahindi na kutoa gharama ya mbegu na mbolea peke yake, huku siku za mama na watoto shambani zikiachwa nje ya daftari.

Saa ya fundi haijui jina la gari

Je, hakuna gari linalolipa gharama hizo? Yapo. Aston Martin DB5, lililotengenezwa kati ya mwaka 1963 na 1965, lilitoka takriban magari elfu moja tu, na bei yake leo ni mara nyingi zaidi ya ile ya TR3A. Lakini TR3A zilitengenezwa kama 58,000. Kunyoosha bati na kupiga rangi kunachukua muda kwenye magari yote mawili, ila bei ya mwisho huamuliwa na uhaba na hamu ya wanunuzi. Soko halirudishi gharama kwa sababu tu muuzaji alizitoa.

Kwa anayenunua, mambo hugeuka. Gari lililofufuliwa vizuri mara nyingi ni nafuu kuliko bovu, kwa kuwa hasara imekwisha kumezwa na aliyetangulia. Sharti ni moja: kazi iwe imefanyika kweli. Maneno "limekarabatiwa kikamilifu" hayana thamani yakiwa peke yake.

Mnunuzi makini huomba risiti na picha za kila hatua, hasa za chasisi ikiwa uchi. Huomba pia cheti kinachotolewa kutokana na kumbukumbu za kiwanda zinazotunzwa katika Jumba la Makumbusho ya Magari huko Gaydon, kikionyesha tarehe ya kutengenezwa, rangi ya awali na nchi gari lilikopelekwa. TR3A nyingi zilipelekwa Marekani zikiwa na usukani wa kushoto. Baadhi zimerudishwa na kubadilishwa, hivyo ni lazima kujua ubadilishaji huo ulifanywaje. Kisha mnunuzi hupitisha sumaku juu ya bati. Isiponasa, chini ya rangi kuna filla iliyoziba shimo. Mwisho huangalia oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamepenya, na moja ya sababu huwa gasketi za slivu kuvuja.

Wahenga wa biashara walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Magari mawili yanayofanana kwa rangi yanaweza kupishana sana kwa bei kwa sababu moja lina faili na jingine lina maneno ya mwenyewe.

Ni haki kusema pia kwamba wengi wanaofufua magari haya hawatafuti faida. Wanatafuta raha, kama mtu anayefuga njiwa. Sheria za Uingereza nazo zinawapunguzia mzigo: gari lililozidi miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara, na tangu mwaka 2018 mengi ya umri huo hayalazimiki kukaguliwa kila mwaka. Hakuna ubaya, mradi raha iandikwe kama matumizi na isiitwe uwekezaji.

Maswali kabla ya kupeleka trekta gereji

Trekta halinunuliwi kwa ajili ya kupendeza. Linalipwa na ekari linazolima. Kwa hiyo kabla ya kukopa fedha za kulifufua, jiulize: litalima ekari ngapi kwa msimu, na kwa bei gani kwa ekari? Vipuri vyake vinapatikana karibu? Likikwama katikati ya mvua za kupandia, hasara ni kiasi gani? Na trekta jingine lililo zima lingeuzwa kwa bei gani?

Kama umekwisha kuanza na fedha imekatika njiani, usihesabu ulichokwisha kutumia, maana hakirudi kwa uamuzi wowote. Linganisha mambo mawili tu: kiasi kilichobaki kutumika, na thamani itakayoongezeka kazi ikikamilika. Ikiwa zimebaki shilingi milioni 3, na trekta litapanda kutoka milioni 4 hadi milioni 9, maliza kazi, hata kama kwa jumla umekwisha kula hasara. Ikiwa litapanda hadi milioni 6 tu, liuze kama lilivyo. Milioni 3 zilizobaki mkononi bado zinaweza kununua mbegu na mbolea za msimu ujao.