Bahari, soko na michezo: mfano wa mji wa Ballycastle



Mara nyingi viongozi wa wakimbizi wa ndani hutuuliza: je, inafaa kuzungumzia michezo na sikukuu wakati watu hawana shamba wala nyumba? Tujibu kwa mfano wa Ballycastle, mji mdogo wa pwani huko Ayalandi ya Kaskazini.

Nchi hiyo ilikuwa na vita vya ndani tangu mwisho wa miaka ya 1960 hadi 1998. Wakatoliki wengi walitaka kuungana na Ayalandi; Waprotestanti wengi walitaka kubaki chini ya Uingereza. Watu zaidi ya 3,500 waliuawa. Mwaka 1969, katika mji mkuu wa Belfast, familia nyingi zilichomewa nyumba zikakimbia. Hata michezo iligawanyika: Wakatoliki walicheza hurling, mchezo wa fimbo na mpira mdogo, na Waprotestanti raga au kriketi. Mtoto aliweza kukua bila kucheza hata siku moja na mtoto wa upande wa pili.

Ballycastle iko kama kilomita 90 kutoka Belfast. Watu huenda huko kutembea ufukweni, kucheza tenisi na gofu, au kupanda boti kwenda kisiwa cha Rathlin. Kila mwaka, Jumatatu na Jumanne za mwisho za Agosti, kuna soko kubwa la zamani liitwalo Lammas. Farasi huuzwa, muziki hupigwa, na watu hula mwani uliokaushwa na peremende ngumu ya rangi ya manjano.

Karibu na mji huo, mwaka 1965, mchungaji Ray Davey na wanafunzi wa chuo kikuu walianzisha kituo cha Corrymeela. Davey alikuwa mateka wa vita huko Ujerumani na aliona jinsi mji wa Dresden ulivyoteketezwa mwaka 1945. Vita vilipozuka nchini mwao, kituo kilipokea familia na vijana wa pande zote mbili. Walilala nyumba moja, wakala meza moja, wakaosha vyombo pamoja. Watoto walicheza ufukweni. Mazungumzo magumu yalikuja baada ya watu kuzoeana. Kituo hicho kinafanya kazi hadi leo.

Tusidanganyane: starehe peke yake haikumaliza vita. Mkataba wa Aprili 1998 ulihitaji wanasiasa. Hata baada yake, Agosti 2001, gari lenye bomu lilikutwa Ballycastle wakati wa soko la Lammas, likateguliwa kabla ya kulipuka. Na hadi leo watoto wengi wa nchi hiyo husoma katika shule tofauti.

Lakini mkataba husainiwa na wachache, na wanaoishi nao ni majirani. Kwa hiyo viongozi wanaopanga mchezo au sikukuu wazingatie haya:

- Mahali pasiwe pa upande mmoja.
- Usalama uhakikishwe kwanza.
- Timu zichanganywe. Kabila moja lisicheze dhidi ya lingine.
- Watu wapike na wafanye usafi pamoja.
- Asilazimishwe mtu kusimulia machungu yake siku ya kwanza.

Mtaani kwenu, ni mahali gani ambapo watoto wa pande zote wanaweza kucheza bila hofu? Kama hapapo, komite ianze kazi hapo.