Viputo Vishukavyo: Kahawa Baridi ya Naitrojeni

Msomaji wetu mmoja wa Tanga, aliyekwenda Marekani kumzuru mwanawe, anauliza mintarafu ya kinywaji alichokirimiwa huko: kahawa baridi, nyeusi, isiyotiwa maziwa wala sukari, ambayo hata hivyo ilifika mezani ina povu zito la hudhurungi na ulaini uliomfanya adhani imetiwa utamu; na lililomstaajabisha zaidi ni kwamba, alipoitazama bilauri kwa ubavuni, aliona viputo vikishuka badala ya kupanda. Je, macho yalimhadaa? La, hayakumhadaa. Na kwa kuwa ataka pia kujua namna ya kuitengeneza nyumbani kwake, nitamjibu yote mawili, ingawa shauku yangu yote i katika hilo la viputo.

Upikaji wenyewe, ikiwa ni haki kuuita upikaji jambo lisilo na moto, hauna makuu: buni iliyokaangwa husagwa iwe chengachenga, ikarowekwa katika maji baridi kwa saa 12 hadi 24, kisha ikachujwa kwa kitambaa safi. Wazee wa barazani, waliozoea kahawa chungu iliyotoka makaani sasa hivi, wataiona kuwa ni kahawa iliyosahauliwa, nami sitagombana nao. Ikishachujwa hutiwa katika kipipa cha chuma kisichoshika kutu, ikapozwa jokofuni, kisha ikashindiliwa naitrojeni kwa shinikizo la mara 3 au 4 ya lile la hewa ituzungukayo. (Nasema shinikizo, maana hilo «kanieneo» la vitabu vya skuli, lililoungwa kwa kani na eneo, ni sahihi kwa hisabu, lakini halijapata kukaa ulimini mwa mtu yeyote aliyejaza upepo baiskeli.)

Hikima hii haikuzaliwa na kahawa. Ilizaliwa katika kampuni ya bia ya Guinness, ambako mwanahisabati Michael Ash alihangaika nayo hata mwaka 1959 ukatoka mtindo wa kutia naitrojeni katika bia nyeusi. Pombe ile wengi wetu hatuigusi, ila ilimu yake si haramu. Wauza kahawa wa Marekani waliichukua mwanzoni mwa miaka ya 2010, na mwaka 2016 Starbucks nao wakaitia madukani mwao.

Naitrojeni haielewani na maji. Katika joto la nyuzi 25, maji huyeyusha kaboni dayoksaidi, ile gesi ya soda, takriban mara 50 kuliko yawezavyo kuyeyusha naitrojeni. Basi hapana budi kuilazimisha kwa shinikizo, na kahawa ipitapo katika kisahani chenye vitundu vidogo mno, kilichofichwa ndani ya bomba la kumiminia, shinikizo hushuka kwa ghafla na gesi ikatoka kwa pamoja, katika viputo vyenye upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kiputo cha soda hunenepa upesi, kwani gesi iliyomo majini yazidi kumiminikia ndani yake. Hiki cha naitrojeni hakina cha kukinenepesha, na gesi yake hutoroka polepole, kwa kuwa maji hayaipokei na hewa ya nje yenyewe ni naitrojeni kwa asilimia 78. Ndipo povu likadumu.

Sasa viputo vishukavyo. Kiputo chochote ni chepesi kuliko maji, na hakuna hata kimoja kilichopata kutaka kushuka. Mwaka 2012 wanahisabati wa Chuo Kikuu cha Limerick, Ireland, nao ni Eugene Benilov, Cathal Cummins na William Lee, walieleza kwamba mshtakiwa ni bilauri. Bilauri ile ni nyembamba chini na pana juu. Viputo vipandapo wima, kioo chenda kikijitenga navyo, na kandokando yake hubaki utando wa kahawa iliyopungukiwa na viputo. Kahawa hiyo ni nzito kuliko ile iliyojaa gesi: ya pembeni ikaporomoka, ya katikati ikapanda, na mzunguko ukatimia.

Mfikirie mvuvi aliye mtumbwini, mlangoni mwa mto Pangani, wakati wa maji kupwa, siku ya bamvua. Gubeti imeelekea mjini, kafi haipumziki, na kwa hesabu ya maji yaliyo chini yake anakwenda mbele bila ya shaka; lakini maji yenyewe yatoka kwenda baharini kwa haraka kuupita mkono wake, na aliyesimama pwani humwona akirudi kinyumenyume. Akija mwenziwe mwenye mashua ya mashine, mkondo uleule hautamzuia. Kasi ya kiputo kidogo huongezeka kwa mraba wa upana wake, hata kilichomzidi mwenziwe upana mara mbili hupanda kwa kasi ya mara nne. Kiputo cha soda ndicho chenye mashine, na cha naitrojeni ndiye yule wa kafi. Laiti mvuvi huyu angalijua, angalikatia katikati, ambako katika bilauri mkondo wenda upande wake! Nako viputo vyapanda kwa maelfu, ila weusi wa kahawa hauturuhusu kuviona. Twaona vya kando tu, tukadhani vyote vyashuka. Tabibu wa Kiingereza A. E. Boycott aliliona jambo hili la ubavu ulioinama kwa upande wake wa pili mwaka 1920, alipogundua kwamba chembe za damu hutuama upesi zaidi katika mrija ulioinamishwa kuliko uliosimama wima.

Kwa nyumbani, vipipa vidogo vyenye bomba la kisahani cha vitundu na vichupa vyake vya naitrojeni huuzwa. Wengine hutumia chupa ya kupigia krimu, lakini gesi yake aghalabu ni nitrasi oksaidi, iyeyukayo majini kwa wingi na yenye utamu wake, na povu lake halikawii kufa. Kahawa na ikae jokofuni, na chombo kiwe kilichoundwa kwa shinikizo hilo, hayo yaeleweka. Anayetaka kunihakikisha na aimimine katika bilauri ndefu iliyo sawa juu na chini, kisha aiinamishe kidogo: kwenye ubavu wa chini viputo vitashuka, kwenye ubavu wa juu vitapanda, chombo kimoja na wakati mmoja. Barafu asitie, maana hukata mkondo.