City Water: Mgeni kaja, mwenyeji hakupona

KAMA unakaa Dar, ankara yako ya maji imeandikwa jina gani juu? Utasema DAWASA, habari imekwisha. Sasa nenda kamuulize mzee mwenye nyumba yako, yule anayetunza risiti zake zote kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati. Atakumwagia mezani historia nzima ya mji: NUWA, DAWASA, City Water, DAWASCO, halafu DAWASA tena.

Bomba ni lile lile, na kutu yake ile ile. Kilichokuwa kikibadilika ni jina kwenye karatasi.

Katika majina hayo yote, moja ndilo lililokaa muda mfupi na kuacha kelele nyingi kuliko mengine. City Water iliingia kazini tarehe 1 Agosti 2003, ikatolewa tarehe 1 Juni 2005. Piga hesabu, ni miezi 22, wakati mkataba ulikuwa wa miaka 10! Hata makocha wa Simba na Yanga, ambao tunajua maisha yao yalivyo, wapo waliokaa zaidi.

Vijana wengi wa leo walikuwa bado wananyonya wakati huo, au walikuwa ndiyo kwanza wanatumwa na dumu la lita tano. Lakini kisa hiki kinawahusu, kwa sababu kila siku kuna kampuni inayochukua mabomba ya mtu mwingine mahali fulani, na kila mara mambo huharibikia pale pale.

MJI WENYE KIU

Tuanze na hali ilivyokuwa. Sensa ya 2002 iliikuta Dar ikiwa na watu karibu milioni 2.5. Maji yao mengi yalikuwa yakitoka Mto Ruvu, kwenye mitambo miwili: Ruvu Juu, iliyoanza 1959 wakati bado bendera ya Mwingereza inapepea, na Ruvu Chini ya mwaka 1976. Yaani mji ulikuwa umekua kama mtoto wa darasa la saba, shati bado ni la chekechea.

Hayo maji kidogo nayo yalikuwa na mambo yake. Zaidi ya nusu yalikuwa yakipotea bila kulipiwa. Mengine yalivuja njiani, mengine yaliibwa na wajanja waliotoboa bomba usiku, na mengine yalitumika vizuri tu ila hakuna aliyepelekewa ankara.

Uswahilini, bomba lilikuwa ni kitu cha kusikia kwa jirani. Mtu wa Tandale au Mbagala alinunua maji kwa dumu, kutoka kwa kijana wa mkokoteni. Na hapa ndipo penye uchungu: ukigawanya bei ya dumu kwa lita, huyu wa kipato cha kuungaunga alikuwa akilipa zaidi ya yule wa Masaki mwenye bomba jikoni, bafuni na la kumwagilia maua. Maskini ndiye aliyekuwa akinunua maji ya gharama!

Serikali ilikuwa imeshajaribu kubadili majina. NUWA ilianzishwa 1981. Mwaka 1997 ikaunganishwa na idara ya majitaka, ikazaliwa DAWASA. Foleni za madumu zikabaki pale pale.

POSA INAFIKA

Wakati huo wimbo wa mjini ulikuwa ubinafsishaji. Na si kwa maana ya mafumbo tu, ulikuwepo wimbo kweli, uliorekodiwa kwa fedha za misaada ya Uingereza ili kuwalainisha Wabongo. Benki ya Dunia na wenzake walikuwa na fedha za kufufua mabomba, lakini wakataka uendeshaji wa maji ya Dar uende kwa kampuni binafsi. Jambo hilo likawa pia moja ya masharti ya nchi kusamehewa madeni. Ukiwa na shida ya maji na shida ya madeni kwa pamoja, utamkatalia nani?

Zabuni ikatangazwa. Kampuni tatu zikapita mchujo, lakini siku ya kuweka bei mezani ikatokea moja tu. Ni sawa na kuita mafundi watatu waje waangalie paa lako, wawili wakatazama wakaondoka kimya kimya, akabaki mmoja anasema, “Mimi naweza, bosi.” Mtu makini hapo angejiuliza wale wawili wameona nini.

Huyo mmoja alikuwa ni muungano wa Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani. Walipofika wakashirikiana na Superdoll ya hapa hapa Bongo, ikazaliwa City Water. Wageni walichukua asilimia 51, mwenyeji 49. Mkataba ukasainiwa Februari 2003, ndani ya mradi mkubwa wa dola za Marekani zaidi ya milioni 160, nyingi zikiwa za mkopo.

Hapa tusichanganye mambo. City Water haikununua mabomba, iliyapanga. DAWASA alibaki mwenye nyumba, City Water akawa mpangaji aliyepewa funguo za duka lililomo ndani. Kazi yake ilikuwa kuendesha mitambo, kuuza maji na kukusanya mshiko. Fedha aliyolipa mteja ilitakiwa igawanywe: fungu la City Water kwa kazi yake, fungu la DAWASA, na fungu la mfuko wa kuwaunganishia maji kwa mara ya kwanza watu wa majumbani wasio na uwezo. Juu ya hapo, mpangaji alipe na kodi ya pango.

Kwenye karatasi ilipendeza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

DAFTARI NDILO LILILOUA

Mtu anayepokea kampuni ya maji hupelekwa kwanza kutazama vitu vikubwa: mitambo, matangi, mapampu yanayonguruma. Anapiga picha na kofia ngumu kichwani. Lakini mali yenyewe ya kampuni ya maji ni kitu kidogo kisichopendeza pichani, nacho ni daftari la wateja. Nani yuko wapi, mita yake inasoma ngapi, anadaiwa shilingi ngapi, na je, hiyo mita ipo kweli?

Sasa jaribu kuandika daftari hilo kwa Dar ya mwaka 2003. Anwani za wakati ule unazijua: “Ukishuka kituoni ulizia kwa Mama Asha muuza vitumbua, nyumba ya tatu kushoto, yenye mwembe.” Mwembe ukikatwa, ankara imepotea. Nyumba moja ina wapangaji saba, bomba moja, na mwenye nyumba yuko Moshi. Huyu anadaiwa deni la mpangaji aliyehama zamani. Yule ana bomba lakini kwenye kumbukumbu hayumo kabisa.

City Water iliingia na mahesabu kwamba makusanyo yangepanda haraka. Hayakupanda. Mfumo wa kutoa ankara na kumbukumbu za wateja vikawa kimbembe, na fedha ikaja chini ya malengo. Kuanzia katikati ya 2004 mpangaji akawa hatimizi malipo kwa mwenye nyumba. Kampuni ikalalamika kwamba taarifa ilizopewa kabla ya kuingia hazikuwa sahihi, ikaomba mkataba utazamwe upya. Upande wa serikali ukajibu kwamba mwekezaji ndiye ameshindwa kazi. Wakakaa mezani, wakaleta na msuluhishi, ngoma ikagoma.

Tazama mduara wenyewe ulivyo. Mteja hapati maji, kwa hiyo halipi. Asipolipa, kampuni haina fedha ya kuziba bomba. Bomba lisipozibwa, mteja hapati maji. Kazi kubwa za kufufua mabomba zilihitaji miaka, lakini jina kwenye ankara lilibadilika siku ya kwanza. Mtu akaona jina jipya, akafungua koki, akasikia upepo ule ule. Umwambie nini akuelewe?

Jingine ni kwamba mechi hii ilichezwa bila refa. EWURA, ambayo leo ndiyo inapanga bei na kusikiliza malalamiko ya maji, umeme, mafuta na gesi, sheria yake ilipitishwa 2001, lakini yenyewe ilianza kazi 2006. City Water ilikuwa imeshaingia na kutoka! Wachezaji walipogombana hapakuwa na mtu wa kupuliza filimbi, kila timu ikajipulizia ya kwake.

KUTIMULIWA

Tarehe 13 Mei 2005 Waziri wa Maji wa wakati huo, Edward Lowassa, akautangazia umma kwamba mkataba umevunjwa. Kumbuka huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Tarehe 1 Juni serikali ikaingia ofisini, ikachukua uongozi, na mabosi watatu wa kigeni wakasindikizwa kupanda ndege. Shirika jipya la umma, DAWASCO, likakabidhiwa funguo.

Mitaani watu walishangilia. Lakini ndoa ikivunjwa kwa kutupiana mabegi nje, talaka huishia mahakamani.

Kesi zikawa mbili. Ya kwanza ilikuwa kati ya City Water na DAWASA, mbele ya wasuluhishi wa London. Mwanzoni mwa 2008 ikafahamika kwamba DAWASA ameshinda, na amepewa fidia ya pauni kama milioni 3.

Ya pili Biwater Gauff waliishitaki Tanzania yenyewe kwenye kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia. Hukumu ilitoka tarehe 24 Julai 2008, na msomaji ujue sijawahi kuona sare ya namna hii. Wasuluhishi walisema Tanzania ilikosea: kuiteka ofisi, kuwafukuza mabosi na zile kauli za hadharani vilivunja mkataba wa kulinda wawekezaji kati yake na Uingereza. Haya, fidia kiasi gani? Sifuri. Kwa nini? Kwa sababu siku serikali ilipoichukua, kampuni ilikuwa imeshadhoofika kiasi kwamba thamani yake haikuwepo tena. Huwezi kulipwa fidia ya kuku aliyekwisha kufa.

Upande mmoja ukaambiwa ulikosea kufukuza, mwingine ukaambiwa ulikuwa huna cha kupoteza. Na yule wa Tandale aliyekuwa akisubiri bomba? Hukumu haikumtaja.

KWANI DAWASCO ALIFANYA MUUJIZA?

Tusidanganyane. Kumtoa mgeni hakukuleta maji kesho yake asubuhi. DAWASCO naye alirithi daftari lile lile, wezi wale wale na mabomba yale yale. Mwaka 2018 akaunganishwa na DAWASA, mwenye nyumba na mwendesha duka wakawa kitu kimoja.

Kilichobadilisha hali kwa kiasi fulani ni fedha kuingia kwenye mitambo yenyewe. Ruvu Chini ilipanuliwa kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi 270, na Ruvu Juu kutoka milioni 82 hadi 196. Hapo watu wengi walianza kusikia bomba likikohoa maji badala ya hewa. Hata hivyo mji nao haukulala. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38, zaidi ya mara mbili ya wale wa 2002. Na mwaka huo huo wa 2022 Ruvu ilipopungua kwa ukame, mgao ukarudi na madumu yakatoka tena stoo.

Kwa hiyo ukisikia mtu kijiweni anasema dawa ni mwekezaji, au anasema dawa ni serikali, mwambie akae chini anywe kahawa. Muulize kwanza: huyo anayekuja analijua daftari? Fedha ya mabomba inatoka wapi, na itafika kabla ya ankara au baada? Na wakigombana, refa ni nani?

Maswali hayo hayajachina. Gesi ya Songo Songo ilifika Dar mwaka 2004, wakati City Water ingali ofisini. Bomba la kutoka Mtwara likakamilika 2015, na TPDC imeshaanza kuingiza gesi asilia kwenye baadhi ya majiko ya hapa mjini. Iko siku nawe utapelekewa bomba la gesi mlangoni, na mita yake, na ankara yake. Safari hii refa yupo, ni EWURA yule yule wa maji. Lakini refa naye hupuliza vizuri uwanja ukimwangalia.

Basi mshikaji, leo ukirudi nyumbani fanya mambo mawili. Kasome mita yako kwa macho yako mwenyewe, uilinganishe na ankara. Halafu tafuta mfuko wako uanze kutunza risiti kama yule mzee. Siku jina la juu likibadilika tena, wakija na kukwambia unadaiwa, utakuwa na cha kuwaonyesha.