Makisio ya Gharama za Kuchimba Njia ya Meli

Ukisimama Kigamboni, Dar es Salaam, utaona meli kubwa zikiingia bandarini. Zinapita katika njia nyembamba ya maji. Meli yenye mzigo mzito huzama sana majini. Kina kikiwa kidogo, meli hukwama. Kwa hiyo mchanga na tope huchimbwa chini ya maji na kuondolewa.

Kazi hii hula fedha nyingi. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 345 za Marekani wa kuboresha bandari ya Dar es Salaam. Kuongeza kina kulikuwa sehemu ya kazi hiyo. Mkopo wa serikali hulipwa kwa fedha za wananchi. Je, serikali itajuaje kuwa bei ya mkandarasi ni ya haki? Yafaa ifanye makisio yake yenyewe kabla ya kufungua zabuni.

Kwanza, pima. Mabaharia wa zamani walipima kina kwa bildi, yaani kamba yenye risasi mwishoni. Siku hizi chombo hupeleka sauti chini na kupokea mwangwi wake. Kina huhesabiwa kuanzia maji yanapokupwa sana, maana hapo ndipo hatari ilipo.

Pili, tafuta ujazo. Tuseme njia ina urefu wa mita 1,000 na upana wa mita 100. Tunataka kuondoa mchanga wa unene wa mita 2. Zidisha: 1,000 × 100 × 2. Utapata mita za ujazo 200,000.

Tatu, hesabu siku. Tuseme meli ya kuchimba huondoa mita za ujazo 2,000 kwa safari moja. Zitahitajika safari 100. Kila safari ni saa 4: kuchimba, kwenda kumwaga na kurudi. Jumla ni saa 400. Meli ikifanya kazi saa 20 kwa siku, ni siku 20. Ongeza siku 5 za bahari chafu na matengenezo. Zote ni siku 25.

Nne, hesabu fedha. Huu ni mfano tu:

Siku 25 kwa shilingi milioni 40: milioni 1,000
Kuleta meli na kuirudisha: milioni 600
Faida na gharama za ofisi: milioni 160
Jumla: milioni 1,760

Gawa kwa 200,000. Kila mita ya ujazo ni shilingi 8,800.

Sasa angalia. Mahali pa kumwaga pakiwa mbali, safari ikawa saa 8, siku za kazi zitakuwa 40 badala ya 20. Chini pakiwa na mwamba, kazi itakwenda polepole zaidi. Wewe unalijua jambo hili. Fundi wa kisima hatozi bei moja kwa udongo laini na kwa jiwe.

Makisio ni ngao. Nchini Marekani sheria hairuhusu kazi hii kupewa mkandarasi ambaye bei yake imezidi makisio ya haki kwa zaidi ya asilimia 25. Bei ya chini mno nayo ni ya kutiliwa shaka. Huenda mkandarasi huyo akaiacha kazi njiani.

Kazi ikiisha, pima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mchanga ulioondolewa. Mkandarasi alipwe kwa kipimo, si kwa maneno.

Fanya hivyo hata kijijini. Kabla ya kumpa mtu kazi ya kuzibua mfereji, pima urefu, upana na unene wa tope. Piga hesabu yako kwanza. Ndipo uulize bei.

MASWALI
1. Kwa nini njia ya meli huchimbwa?
2. Mfereji una urefu wa mita 300 na upana wa mita 2. Tope lina unene wa nusu mita. Tafuta ujazo wa tope.
3. Kwa nini tunapima kabla na baada ya kazi?