LANGO LAWEZA KUNGOJA, MVUA HAINGOJI

Karani mmoja afanyaye kazi Nairobi ana shamba la ekari tatu katika vilima vya Kangundo, Ukambani. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi hupanda basi kwenda nyumbani, na Jumapili jioni hurudi mjini. Siku mbili hizo ndizo azipatazo kwa kazi za shamba. Siku nyingine zote mzigo ni wa mkewe. Wako watu wengi waishio hivyo, na yaliyotukia katika shamba hilo mwishoni mwa Septemba yaweza kuwafaa.

Ijumaa ile bwana huyo alishuka katika basi na furushi. Ndani yake mlikuwa na bawaba mbili, misumari, na kopo la rangi ya kijani. Lango la boma lake lilikuwa limeinama kama mlevi, naye alikuwa amekata shauri kulitengeneza upya kabla ya wageni wa Krismasi. Mkewe alimkaribisha kwa chai, akalitazama furushi, asiseme neno.

Asubuhi, walipokwisha kukama ng'ombe, mke alimwongoza mumewe mpaka mwisho wa shamba. Hapo palikuwa na tuta la kuzuia maji lililobomoka, pengo lake upana wa hatua tatu. Fuko alikuwa amelitoboa msimu uliopita. Maji yakapata njia katika tundu lake, na kwa usiku mmoja yakalipasua tuta, yakachukua mahindi machanga pamoja na samadi iliyokusanywa mwaka mzima. Palipokuwa na udongo mweusi sasa palionekana mawe.

"Baba Watoto," akasema mke, "lango laweza kungoja mwezi mmoja au miwili. Mvua ya vuli haitatungoja. Wageni wakipita katika lango zuri, watakuja kula nini?"

Bwana akajibu ya kuwa angeacha fedha ili vibarua waje juma lijalo. Mama yake mzee, aliyekuwa amewafuata polepole na mkongojo, akatikisa kichwa. "Mwanangu," akasema, "tuta hili lilichimbwa na nyanya yako pamoja na mwethya. Mimi nilikuwa mtoto, nikichukua mawe. Kibarua atajaza pengo, lakini tundu la fuko hatalitafuta."

Bwana hakubishana tena. Alirudi nyumbani, akaliweka furushi juu ya ghala, akachukua jembe.

KAZI YA WAZEE

Maneno ya mama huyo yana historia ndefu. Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimeharibiwa sana na mmomonyoko wa udongo. Serikali ya kikoloni iliona ya kuwa dawa ni kupunguza mifugo kwa nguvu, na mwaka wa 1938 Wakamba wengi, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kuipinga amri hiyo. Hata kazi ya kuchimba matuta ilichukiwa, kwa sababu ililetwa kwa amri. Lakini katika miaka ya 1950 ilipokabidhiwa kwa mwethya, yaani vikundi vya majirani wasaidianao kwa zamu, wengi wao wakiwa wanawake, ilikwenda mbio. Jambo lililochukiwa kama amri likapendwa kama mali.

Wakulima wa huko waliipendelea zaidi namna iitwayo "fanya juu". Mtu huchimba mfereji wenye upana na kina cha sentimita 60 hivi, na udongo wote huutupa upande wa juu wa mteremko, uwe tuta. Kati ya tuta na mfereji huachwa nafasi ndogo, ili udongo usirudi shimoni. Kazi hii ni ngumu kuliko "fanya chini", maana kurusha udongo juu kwachosha mikono. Lakini faida yake ni kubwa: maji na udongo viteremkavyo huzuiwa na tuta, na mwaka hata mwaka shamba hujisawazisha lenyewe, likawa kama ngazi pana.

JUMAMOSI YA JEMBE

Kwanza walilitafuta tundu. Mke ndiye aliyeliona, chini ya mzizi wa mti uliokufa. Walilifukua lote mpaka mwisho wake, kisha wakalijaza udongo wenye unyevu kidogo kidogo, kila tabaka likishindiliwa kwa gogo. Mtu ajazaye udongo mkavu kwa mara moja amemjengea fuko nyumba mpya. Kwa upande wa chini walipanga mawe, na mtoto wao mkubwa akaenda kuomba vipande vya nyasi za nepia kwa jirani, ili zipandwe juu ya tuta mvua inyeshapo. Mizizi yake itaushika udongo, na majani yake yatakuwa chakula cha ng'ombe.

Kisha wakauzoa udongo uliojaa katika mfereji na kuutupa juu ya tuta. Kazi hii yapasa kufanywa kila mwaka kabla ya mvua, lakini ndiyo isahauliwayo kwanza. Mfereji uliojaa hauwezi kupokea maji, na tuta lisiloongezwa udongo hushuka kimo.

Alasiri walipima mstari wa tuta jipya. Bwana alitaka kuufuata kwa macho tu, lakini mkewe alikuwa ameazima pimamaji kwa fundi mwashi. Walifunga kamba ya mita 10 kati ya fimbo mbili zenye kimo kimoja, wakaitundika pimamaji katikati. Mtoto mmoja alishika fimbo ya nyuma bila kuisogeza. Mwingine aliisogeza ya mbele juu au chini ya mteremko mpaka kipovu kikasimama katikati. Hapo wakapiga kigingi, wakaendelea. Vigingi vilipokwisha kupigwa, bwana alishangaa kuona ya kuwa mstari wa macho yake ungaliteremka sana upande mmoja. Maji yangalikimbilia huko yote, na tuta lingalipasuka kabla ya kumaliza msimu.

JUMAPILI

Jumapili ilikuwa siku ya kanisa, na kazi nzito ziliachwa. Lakini baada ya chakula cha mchana zilifanywa zile ndogo zisizohitaji nguvu nyingi. Bwana alipanda ngazi, akaondoa majani makavu katika mfereji wa mabati uletao maji ya mvua tangini. Watoto waliziba tundu la banda la kuku alimopitia kicheche. Mke alichambua mbegu za mahindi ya Katumani, aina iliyotolewa katika miaka ya 1960 kwa nchi za mvua chache, ambayo hukomaa upesi kabla unyevu haujakwisha. Punje zilizotobolewa alizitenga ziwe chakula cha kuku.

Saa kumi bwana alipanda basi. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge, wala lango halikuguswa.

USIKU WA MVUA

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha mwishoni mwa Oktoba, usiku, yenye radi. Mke alitoka na kurunzi, akashuka shambani. Alikuta maji yamesimama nyuma ya tuta toka mwanzo mpaka mwisho, kama maji katika karai, yakinywewa na udongo polepole. Pale palipokuwa na pengo alitia mguu wake, akasimama juu yake kwa muda. Halikutikisika.

Bwana aliporudi mwishoni mwa Novemba, mahindi yalikuwa yamempita magoti, na nepia imeshika juu ya tuta. Alishuka kuyatazama kabla hajanywa chai. Kisha aliuliza furushi lake liko wapi, na mkewe akamletea, akicheka, pamoja na nyundo.

Mtu afanyaye kazi mbali na nyumbani hufika na mradi wake kichwani, kwa kuwa huona kwanza kile kilicho mbele ya njia. Yule abakiye shambani ndiye ajuaye maji yatapita wapi. Yafaa basi siku ya kwanza, kabla ya kufungua furushi, kuzunguka shamba pamoja naye na kuuliza: mvua ikija usiku wa leo, itachukua nini? Jibu lake ndilo kazi ya Jumamosi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika vilima, ukuta uangukao huondoka na shamba lenyewe.