Mabaka ya Kijeshi: Yalikotoka na Kwa Nini Raia Hapaswi Kuyavaa

Katika masoko mengi ya mitumba nchini, jaketi na suruali zenye mabaka ya kijani, kahawia na nyeusi huwavutia wanunuzi, hasa vijana. Kitambaa ni kigumu, hakichakai upesi na mifuko ni mingi. Hata hivyo, mabaka hayo si mapambo. Ni kifaa cha vita, na anayeyavaa bila idhini anaweza kujipata mashakani.

Zamani majeshi ya Ulaya yalivaa rangi kali ili wanajeshi watambuane katikati ya moshi wa baruti. Waingereza walijulikana kwa makoti mekundu. Bunduki zilipoanza kulenga shabaha ya mbali, rangi hizo ziligeuka kuwa hatari. Katika miaka ya 1840, kikosi kimoja chini ya Waingereza huko Peshawar kilianza kuvaa kaki, neno lenye asili ya Kiajemi linalohusu vumbi. Ufaransa ilichelewa. Mwaka wa 1914 wanajeshi wake waliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia wakiwa bado na suruali nyekundu, zilizoonekana waziwazi na adui.

Mabaka yalikuja baadaye. Mwaka wa 1929 Italia ilianza kuchapisha kitambaa cha mabaka kwa ajili ya mahema ya jeshi, na Ujerumani ikafuata mwaka wa 1931. Jicho humtambua mtu kwa umbo lake: kichwa, mabega na mikono. Mabaka hulivunja umbo hilo, hivyo mtu aliyetulia kichakani huonekana kama sehemu ya majani na vivuli.

Kwa sababu hiyo, kila nchi huchagua mabaka kulingana na mazingira. Ya msituni huwa na kijani kingi, na ya jangwani hufanana na mchanga. Kanada ilibuni mabaka ya vidoa vidogo vya mraba, yaliyochorwa kwa kompyuta. Marekani nayo ilijaribu, kuanzia mwaka wa 2004, kuwapa wanajeshi wake mabaka ya kijivu ya kutumika kila mahali. Yalishindwa kuwaficha Afghanistan, na jeshi likalazimika kuyabadilisha.

Sare ina kazi nyingine muhimu: kumtambulisha anayeivaa. Mwaka wa 1944 nchini Ufaransa, baadhi ya Wamarekani waliovaa mabaka walidhaniwa na wenzao kuwa Wajerumani, kwa kuwa vikosi vya SS pia vilivaa mabaka. Sare hizo ziliondolewa katika uwanja huo wa vita.

Ikiwa askari kwa askari wanaweza kukosea hivyo, raia naye je? Mhalifu aliyevaa sare ya jeshi hufunguliwa mlango bila maswali. Naye kijana asiye na hatia aliyevaa jaketi la mabaka usiku anaweza kudhaniwa kuwa mhalifu. Ndiyo maana Kanuni ya Adhabu ya Kenya inakataza mtu asiye askari kuvaa, bila idhini, sare ya jeshi au ya polisi, sehemu ya sare hiyo, au vazi linalofanana nayo. Kenya haiko peke yake. Jamaika na Barbados huwakataza raia kuvaa mabaka, wakiwemo watalii.

Kwa hivyo, wafanyabiashara wa mitumba wanashauriwa kukagua marobota yao na kutotundika mavazi ya aina hiyo. Wazazi nao wawaeleze watoto wao kwamba kusema "nilinunua tu sokoni" hakumwondolei mtu kosa. Mwenye shaka kuhusu vazi alilo nalo aulize katika kituo cha polisi kilicho karibu kabla ya kulivaa. Anayemshuku mtu aliyevaa sare asiyostahili asikabiliane naye, bali apige simu kwa polisi kupitia nambari 999 au 112.