Kwa nini boti kubwa haifiki Kilosa hata Mkondoa ukifurika

Masika yakikolea, mto Mkondoa pale Kilosa unabadilika kabisa. Maji ya tope yanajaa kutoka ukingo hadi ukingo, na ukiyatazama kwa mbali unaweza kudhani hata meli ingepita. Subiri kiangazi kifike. Mto uleule watu wanauvuka kwa miguu, suruali imekunjwa magotini.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mto kujaa ni jambo moja, na mto kuwa na kina cha kupitisha chombo ni jambo jingine. Zaidi ya miaka 150 iliyopita kosa hilo lilizaa ndoto ya kuleta meli hadi Kilosa. Leo linahusu zaidi nyumba, mashamba na maisha ya watu.

Chombo kinazama kiasi gani?

Chombo chochote kinachoelea kina sehemu iliyozama. Umbali kutoka usawa wa maji hadi chini kabisa ya chombo ndio unaoamua kitapita wapi na kitakwama wapi.

Mtumbwi wa gogo unazama kidogo tu, ndiyo maana unapita hata penye maji ya magotini. Boti ya tanga ya kusafiria bahari kuu ni habari nyingine. Chini yake kuna mkuku mrefu wenye uzito mkubwa wa chuma au risasi, na nyingi huzama kati ya mita 1.5 na 2, nyingine zaidi. Baharini, mkuku huo ndio unaozuia boti isipinduliwe na upepo. Mtoni, ndio unaogusa mchanga wa kwanza.

Kuna mambo mawili ambayo manahodha wa baharini husahau wakiingia mtoni. La kwanza, maji ya mto ni mepesi kuliko ya chumvi kwa takriban asilimia 2.5, hivyo chombo huzama zaidi kidogo. La pili, ukikimbiza boti kwenye maji mafupi, maji yaliyo chini yake hupita kwa kasi na kuivuta chini. Kwa hiyo nahodha anayeongeza mwendo ili atoke haraka ndiye anayejikwamisha.

Halafu kuna suala la kujikwamua. Pwani, chombo kikipwelewa, nahodha husubiri maji yajae na chombo kinaelea tena baada ya saa chache. Mkondoa hauna kupwa wala kujaa. Maji yakishuka na wewe uko juu ya fungu la mchanga, utangoja mvua nyingine, na hakuna anayejua itanyesha lini.

Ndoto ya Stanley

Mwaka 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipita maeneo haya akimtafuta David Livingstone. Alivuka mbuga ya Mkata, ambayo sehemu yake leo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, wakati wa masika. Msafara wake ulihangaika kwa siku kadhaa kwenye maji na matope. Aliporudi mwaka 1872 alikuta tena masika na mafuriko.

Mto Mkata unatiririka kuelekea kaskazini na kuungana na Mkondoa. Maji hayo ndiyo yanayoendelea kama mto Wami, ambao unaingia Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Stanley aliiona ramani hiyo kichwani na kupata wazo: kwa nini meli ndogo ya mvuke, isiyozama sana, isipande Wami kutoka pwani hadi Mbumi, Usagara, eneo la Kilosa ya leo? Aliliandika katika kitabu alichotoa mwaka 1872.

Kwenye karatasi wazo lilipendeza. Mizigo iliyokuwa ikibebwa vichwani na wapagazi kwa wiki nyingi ingepita majini. Tatizo ni kwamba safari zote mbili aliiona mito hiyo ikiwa imejaa.

Jaribio la 1876

Wamisionari Waingereza wa CMS waliokuwa wakielekea Uganda waliamua kupima. Mwaka 1876, Alexander Mackay na Luteni Shergold Smith waliingia mto Wami wakiwa na boti ndogo ya mvuke iliyoitwa Daisy. Walikuta mto unapinda na kupinda tena, njia ndefu isiyofaa kupitisha mizigo. Walijaribu pia mto Kingani, yaani Ruvu. Nao haukufaa.

Basi mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi. Mwaka 1877 Mackay akageukia nchi kavu na kusimamia ukataji wa barabara ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa.

Hata mto mkubwa una masharti

Mtu anaweza kusema Wami ni mto mdogo. Tuchukue Rufiji. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozama zaidi ya mita 5, ilijificha kwenye delta ya Rufiji. Iliingia kwa kupita mikono ambayo Wajerumani walikuwa wameshaipima na kuijua. Manowari kubwa za Waingereza zilishindwa kuifuata ndani.

Ufumbuzi haukuwa meli kubwa zaidi. Waingereza walileta Severn na Mersey, meli za kivita zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazil, ambazo zilizama chini ya mita 2 tu. Ziliingia deltani, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikawa imekwisha. Na hapo ilikuwa delta, karibu na bahari, ambako maji kujaa husaidia.

Mbona Ulaya boti zinapita?

Ni kweli, Ulaya boti za tanga huvuka nchi kavu kupitia mifereji. Lakini mifereji hiyo ilichimbwa na maji yake yanasimamiwa. Ufaransa, sheria ya mwaka 1879 iliweka kipimo kimoja kwa mifereji mikuu: vyombo vinavyozama hadi mita 1.8 viweze kupita.

Hata hivyo kazi ipo. Mlingoti hushushwa na kulazwa juu ya boti kwa sababu madaraja ni mafupi. Boti hukaa katikati ya mfereji, kwani tope hujikusanya pembeni. Mwendo ni wa polepole. Yenye mkuku wa mita 2 hutafuta njia nyingine au husafirishwa kwa lori.

Na pale ardhi inapopanda, kuna malango ya maji: boti inaingia kwenye chumba, lango linafungwa, maji yanajazwa, boti inapanda ngazi moja. Mji wa Kilosa uko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kama kila lango lingepandisha boti mita 3, yangehitajika zaidi ya 160 kutoka pwani hadi Kilosa. Hapo bado hujauondoa mchanga.

Mchanga ndio kiini cha yote

Mkondoa unashuka kwa kasi kutoka milimani ukiwa umebeba udongo. Ukifika tambarare mwendo unapungua, na mto unatua mzigo wake. Kitanda cha mto kinapanda, mafungu yanahama, na njia iliyokuwa na kina mwaka jana inazibika mwaka huu. Miti ikikatwa vilimani na watu wakilima hadi kingoni, udongo unaoingia unaongezeka.

Kwa nahodha, hiyo ina maana ya kukwama. Kwa mkazi wa Kilosa, ina maana ya mafuriko. Mto uliopungua kina hauna pa kuweka maji mengi, kwa hiyo unayamwaga pembeni. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulivunja tuta na kuingia mjini. Maelfu ya watu walipoteza makazi, na reli ikakatika.

Reli hiyo ndiyo iliyokuja kuchukua nafasi ya ndoto ya meli. Wajerumani waliipitisha katika bonde la Mkondoa na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Lakini kwa kuwa inaandamana na mto, kipande cha Kilosa hadi Gulwe kimekuwa kikisombwa mara kwa mara. Reli mpya ya SGR inapita kwenye mahandaki yaliyotobolewa katika milima ya Kilosa.

Usipime kwa macho

Wavuvi na wapiga pondo wana njia yao ya kupima: wanachomeka mti majini kabla ya kusogea. Mabaharia wa pwani hushusha bildi. Wote wanajua kwamba upana wa maji hausemi chochote kuhusu kina.

Kwa anayevuka, hatari huja kwa namna mbili. Maji ya tope huficha fungu la mchanga hapa na shimo hatua mbili mbele, na mahali ulipovuka juzi panaweza kuwa pamechimbwa na mafuriko ya jana usiku. Kama Mkondoa au Mkata umejaa, zunguka hadi darajani au subiri ushuke, hata kama ng'ambo inaonekana karibu.